Wasomaji Wanauliza: Boma Lililokwama Kwenye Lenta

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani namna ya kutafuta msaada wa kuboresha shule za msingi za vijijini. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu yaliyomo ndani yake nimekwisha kuyasikia, kwa maneno yanayokaribiana, kutoka mikoa isiyopungua sita.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kondoa. Shule yetu ina wanafunzi 412, wasichana 218 na wavulana 194, na matundu sita tu ya choo. Mwaka 2022 wazazi walichangishana tukaanza kujenga madarasa mawili. Kuta zilifika kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, fedha zikaisha, na hadi leo hakuna aliyewaeleza wananchi kwa ukamilifu jinsi zilivyotumika, kwa kuwa kamati ya wakati ule ilikwishamaliza muda wake. Sasa kila tunapoitisha kikao watu wanasema serikali imetangaza elimu bure, hivyo wasisumbuliwe. Wenzangu wananishauri tuachane na wananchi, tutafute mfadhili. Naomba unifundishe kuandika barua itakayomgusa mfadhili, na unieleze ipelekwe wapi. (Mwenyekiti, Kondoa)

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, barua nitakufundisha, lakini itakuja mwishoni. Mfadhili makini akishaisoma atakuja mwenyewe, au atamtuma mtu wake, kuliona boma lenu, yaani jengo hilo lisilomalizika, na wanakijiji atakaowakuta pale atawauliza swali lile lile ambalo kamati yako inalikwepa: fedha za mwaka 2022 zilikwenda wapi? Mzee mmoja akijibu kwa kutikisa kichwa tu, barua yako imekwisha kazi, hata kama imepigwa chapa vizuri na kugongwa mihuri mitatu. Kwa hiyo mfadhili wako wa kwanza ni yule mzazi anayekataa kuja kikaoni.

Wala usidhani kwamba hesabu ya zamani haiwezi kurudishwa kwa sababu kamati iliondoka na madaftari yalipotea. Jengo lenyewe ni daftari. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilirithi boma kama lenu; majani yalikuwa yamefika kiunoni ndani yake, nondo zilizochomoza juu ya lenta zilikuwa zimeshika kutu, na mbuzi wa jirani walikuwa wakijikinga jua humo kuanzia saa tano. Tulimwomba fundi asiye wa kijiji chetu, tukapima kuta kwa futi na kamba mbele ya watu, tukahesabu tofali za kila mstari, na fundi akakadiria mifuko ya saruji iliyomo katika msingi, kuta na lenta. Tulipolinganisha na kiasi ambacho wazazi walikumbuka kuchangia, pengo lilikuwa mifuko 14 ya saruji. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo mama mmoja akasema, kwa sauti ya kuchoka, kwamba mifuko hiyo watoto wetu wanaikalia kila siku. Nyuma ya stoo palikuwa na mafungu magumu ya kijivu, yenye umbo la mifuko hasa, karatasi zake zimechanika zamani. Stoo ilivuja msimu mmoja wa mvua, saruji ikaganda, na kamati ikaona aibu kusema. Tulihesabu 11. Mifuko mitatu hatukuijua ilikokwenda mpaka leo, na hilo nalo tuliliandika na kulibandika kwenye ubao wa matangazo kama lilivyo. Mwezi uliofuata watu walileta mchanga. Naamini kilichowarudisha ni ile mifuko mitatu tuliyokiri kutoijua, kuliko ile 11 tuliyoiona.

Kuhusu neno hilo la elimu bure, wazazi wako wana haki kwa sehemu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango iliyokuwa ikiendelea kutozwa shuleni, na ikaelekezwa kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke mchango kwa mkurugenzi wa halmashauri, asimkabidhi mwalimu. Kwa hiyo mtoto hawezi kurudishwa nyumbani kwa sababu baba yake hakutoa fedha ya tofali, na mwalimu mkuu wako asiguse hata shilingi moja ya mchango. Waliokuwa wakifanya hivyo ndio waliowafanya watu wachukie neno lenyewe. Lakini hakuna mahali palipokatazwa wananchi kukaa katika mkutano mkuu wa kijiji, wakaamua wenyewe kujenga, muhtasari ukaandikwa na kusainiwa, mtendaji wa kijiji akapeleka nakala halmashauri, na kazi ikaanza kwa utaratibu unaojulikana. Nguvu za wananchi si jambo geni katika nchi hii. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoagiza elimu ya msingi kwa wote, vijiji vingi vilijijengea madarasa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, ulioanza mwaka 2002, nao ulitegemea jasho la wanakijiji kwa sehemu kubwa ya ujenzi.

Katika mkutano huo usiwahutubie watu kuhusu uzalendo. Wafanyie hesabu. Kati ya Sh 10,000 za ruzuku ya serikali zilizopangwa kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, Sh 6,000 ndizo zinazotumwa shuleni, na zinazobaki ni za vitabu. Shule yako ya watoto 412 hupata basi Sh 2,472,000 kwa mwaka mzima, yaani Sh 206,000 kwa mwezi, na hizo ndizo za chaki, karatasi za mitihani, michezo, usimamizi na ukarabati mdogo. Mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, ilitenga Sh 20 milioni kwa darasa moja. Mzazi akiziona namba hizo mbili zimeandikwa ubaoni, moja juu ya nyingine, ataelewa mwenyewe kwamba ruzuku haikukusudiwa kupaua jengo.

Sasa nikushauri jambo ambalo huenda halitakupendeza: msianze na madarasa. Mwongozo wa usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa idadi yako, wasichana wanahitaji matundu 11 na wavulana manane, jumla 19, nanyi mna sita. Pungufu ni 13. Darasa lililojaa huwatesa watoto wote kwa usawa, lakini choo kisicho na mlango wala maji humtesa msichana wa darasa la sita siku zile nne au tano za mwezi, na siku hizo kwa kawaida hukaa nyumbani bila kusema kwa nini. Isitoshe, choo ni kazi ambayo kijiji kinaweza kuianza na kuimaliza ndani ya kiangazi kimoja, na mlichokimaliza ndicho kitakachowaombea kile kikubwa. Kondoa mna kipindi kirefu cha ukame, basi chimbeni mashimo kabla ya Novemba, na mwombeni afisa afya aje kuona udongo kwanza, maana shimo lililochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi bila kujengewa hubomoka kwa mvua za mwanzo.

Boma la madarasa nalo lipelekeni kwa wanaopenda kumalizia. Halmashauri nyingi huwa na fungu la umaliziaji wa maboma. Kwa miaka kadhaa kiwango kilichozoeleka kilikuwa Sh 12.5 milioni kwa boma la darasa moja. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 na ambao kamati yake huongozwa na mbunge, umekuwa ukisaidia saruji, mbao na mabati kwa miradi ya aina hii hasa, ambayo wananchi wamekwisha kuinua kuta. Angalia kalenda pia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vipaumbele vya vijiji hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo ombi linalofika wilayani mwezi Mei ni la mwaka mwingine. Kabla hujaomba bati, mhandisi wa halmashauri lazima apande juu ya kuta hizo. Boma lililokaa wazi misimu kadhaa ya mvua linaweza kuwa na nyufa zinazohitaji kushughulikiwa kabla ya kenchi, yaani fremu za paa, kupandishwa, na ni afadhali mlijue hilo mapema kuliko kuezua.

Nje ya halmashauri, milango miwili naijua vizuri. Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inasimamia Mfuko wa Elimu ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na kazi yake mojawapo ni kutoa ruzuku za madarasa, vyoo, mabweni na nyumba za walimu. Ombi la shule ya serikali lipitie kwa mkurugenzi wenu. Mwingine ni Ubalozi wa Japani, wenye msaada wa miradi midogo ya jamii unaotolewa kwa halmashauri na asasi zisizo za kibiashara. Huo unagharimia majengo na vifaa, haugusi mishahara wala gharama za uendeshaji, na huwa wanataka makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji au wakandarasi watatu tofauti. Hapa ndipo kamati nyingi huanguka, kwa sababu makadirio yote matatu huandikwa na mtu mmoja, kwa mwandiko mmoja, na hata kosa la kujumlisha linafanana.

Nguvu za wananchi ziandikeni kwa fedha. Nunueni kaunta buku moja, isiyotumika kwa jambo lingine, na kila siku ya kazi iandikwe tarehe, kitongoji kilichofika, idadi ya watu, tripu za mchanga au mawe, na bei ambayo mngelipa kama mngenunua. Mwenyekiti wa kitongoji asaini pale pale, kabla mikono haijanawa. Fedha taslimu ziingie katika akaunti ya benki ya shule, zenye stakabadhi, zisipite kwenye simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni wewe. Nimeona miradi mizuri ikivunjika kwa sababu ya namba ya simu.

Barua yenyewe sasa. Iwe ukurasa mmoja. Usianze na "tunayo furaha kubwa kuchukua nafasi hii", na usiandike kwamba shule ina "changamoto mbalimbali". Andika hivi: "Shule yetu ina wanafunzi 412 na matundu sita ya choo. Tunahitaji 19. Wananchi wamechimba mashimo na kukusanya mawe tripu nane na mchanga tripu kumi na mbili, vyote vikiwa na thamani ya shilingi kadhaa. Tunaomba saruji, nondo, mabati na milango, kama ilivyo katika makadirio ya mhandisi tuliyoambatanisha." Kisha sema nani atasimamia, kazi itachukua wiki ngapi, na choo kitatunzwa kwa fedha gani kikishajengwa. Ambatanisha muhtasari wa mkutano wa kijiji, ramani, na hesabu ya fedha za 2022 pamoja na mapungufu yake. Kiambatisho hicho cha mwisho wenzako watakukatalia. Kipeleke.

Nilitaka kusahau maji. Choo kikiisha na madarasa yakapauliwa, msiliache paa bure. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Tuseme paa lenu litakuwa na mita za mraba 150 na mvua ya mwaka ni milimita 600. Hiyo ni lita 90,000, na hata ukitoa moja ya tano kwa yanayomwagika, zinabaki 72,000. Simtanki moja la lita 5,000 haliwezi kuyahifadhi yote, lakini litajaa na kutumika mara nyingi kati ya Desemba na Aprili. Mifereji na tenki viingie katika makadirio ya kwanza, maana vikiachwa "baadaye" haviji.

SWALI: Sisi ni Watanzania kumi na wanne tunaofanya kazi Muscat, wengi wetu tumesoma shule moja ya msingi huko Pangani. Tumekusanya vitabu vingi vya Kiingereza vya watoto na kompyuta kumi zilizotumika, tunataka kusafirisha kwa kontena. Mmoja wetu ana mpwa wake kijijini ambaye yuko tayari kupokea. Je, kuna la kuzingatia? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ndugu msomaji, moyo wenu ni mwema, ila kabla hamjalipia kontena, mpigieni simu mwalimu mkuu mmuulize anahitaji nini, kisha nyamazeni mumsikilize. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo tu. Kitabu cha hadithi kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto wa Uingereza mwenye theluji dirishani kitakaa kabatini kikiliwa na mchwa. Vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, huku elimu ya msingi ikipunguzwa kutoka miaka saba kuwa sita, kwa hiyo hata vitabu vya Kiswahili vya zamani msivikusanye bila kuuliza. Kwa gharama ya usafirishaji, bandari na lori la kwenda Pangani, mnaweza kununua hapa nyumbani hadithi za Kiswahili zenye ithibati, na rafu za kuziweka, na kufuli.

Kompyuta zinategemea umeme. Kama shule imeunganishwa, na kuna chumba chenye nondo madirishani na mwalimu mmoja anayezijua, tumeni tano zilizo nzima badala ya kumi za kubahatisha.

Kuhusu mpwa, nitasema kwa upole: mwacheni awe mpwa. Kijana mwaminifu akipewa fedha za kijiji kizima huwa adui wa watu kabla hata hajakosea, na akikosea kidogo, undugu unaharibika Muscat na Pangani kwa pamoja. Pelekeni kwenye akaunti ya shule, mkimjulisha mwenyekiti wa kamati na mtendaji wa kijiji kwa ujumbe mmoja wanaousoma wote, na mpwa aende tu siku ya kukabidhi akapige makofi.

Kama mnataka pendekezo langu, chukueni matengenezo. Mwaka 2016 nchi nzima ilikimbizana na madawati; hata Bunge lilitoa Sh 6 bilioni kutoka katika akiba yake. Kila mtu hupenda kutoa dawati jipya, lakini sijawahi kumwona mfadhili aliyekuja kuchomelea miguu ya dawati la zamani. Nendeni nyuma ya shule yenu ya Pangani mtayakuta, yamerundikwa chini ya mwembe, mbao zimeng'oka na vyuma vingali vizima. Watu kumi na wanne wakichangia kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya fundi wa kuchomelea, mbao na misumari, shule haitawasahau.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kujitolea mkoani Kigoma. Mtu mmoja wa nje ameahidi kutusaidia, lakini anataka picha za watoto wenye nguo zilizochanika na miguu mitupu. Nimpe? (Mwalimu, Kigoma)

JIBU: Usimpe. Watoto hao wana wazazi, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika. Picha ya mtoto haisambazwi bila ridhaa ya mzazi, na mzazi mwenye akili timamu hataridhia mwanawe auzwe kwa matambara. Ridhaa yenyewe, hata kwa picha nzuri, iwe ya maandishi na mwalimu mkuu aijue. Mpelekee huyo bwana picha za jengo. Piga saa sita mchana, wakati jua linapita kwenye matundu ya bati na kuchora madoa sakafuni. Weka futi kando ya ufa ili upana wake usomeke, na piga dawati moja kutoka juu likiwa na madaftari matano yaliyopangwa sambamba, ili aone watoto wangapi wanabanana pale. Akisema hizo hazimtoshi, mshukuru kwa muda wake.